Karibu Isiyojibiwa

Kwetu Kasulu, mlango wa mbele haufungwi watu wakiwa wanakula. Mkeka unatandikwa sebuleni, ugali wa muhogo unawekwa katikati, na yeyote anayepita uani, awe jirani au mtu aliyekuja kudai jembe lake, anaitwa: karibu tule. Naye anajibu: asante, kuleni. Mara chache sana ananawa na kukaa. Desturi hiyo iko kote Tanzania, sidai kuwa ni yetu peke yetu. Lakini mama yangu aliiongezea sheria yake. Ukishamkaribisha mtu, mkono wako haugusi chakula mpaka ajibu. Kumkaribisha mtu huku unatafuna, alisema, ni kumtukana kwa mdomo uliojaa.

Nikiwa mdogo nilimuuliza, kama nilivyomuuliza kila kitu:

"Kama sitaki aje, kwa nini nimwite?"

"Nani kakwambia unamwita ili aje?"

"Sasa namwita afanye nini?"

"Kula, wewe. Maswali hayashibishi. Au geukia ukutani ule kama mbwa."

Chuo kikuu niliandika insha ndefu juu ya jambo hilo. Nililiita ukarimu wa maneno, nikaonyesha kwamba mwaliko ambao wote wanajua hautapokelewa si mwaliko bali ni aina ya salamu, na kwamba umaskini ndio unaotufundisha kugawa tusichokusudia kugawa. Mhadhiri aliipenda sana. Nilikuwa katika umri wa kuamini kwamba jambo likishapewa jina, limekwisha.

Baada ya masomo nilibaki Dar es Salaam. Kazi yangu naifanya kwenye kompyuta, chumbani, kwa watu ambao wengi wao sijawahi kuwaona. Naishi ghorofa ya tatu. Jirani wa mlango unaotazamana na wangu namfahamu kwa viatu anavyoviacha nje: vyeusi siku za kazi, sendo za bluu siku ya Jumapili. Sura yake nikiiona barabarani sitaijua. Kwa muda mrefu maisha hayo niliyaita uhuru. Kasulu huwezi kununua hata kiberiti bila kuulizwa mama hajambo na utaoa lini. Nilikuwa nimechoka kuulizwa. Halafu ikafika siku nikagundua kwamba tangu asubuhi sikuwa nimetoa sauti, na nilipojaribu kuimba nikiwa naosha kikombe, sauti ilitoka imekwaruza kama mlango wa ghala.

Dada yangu yuko Uarabuni, anafanya kazi za ndani. Aliwaacha binti zake wawili kwa mama, Kasulu. Mkubwa sasa ana miaka minane, mdogo ana mitano. Mwaka jana nilipokwenda nyumbani nilimkuta mama anashuka ngazi ya mlangoni kwa kutanguliza mguu mmoja, kisha anausubiri wa pili, kama mtu anayemsubiri mwenzake. Nikasema niwachukue watoto. Nikataja shule za mjini, maktaba, Kiingereza. Sikutaja kikombe wala sauti iliyokwaruza.

Mama alisikiliza huku anachambua maharage. Akasema:

"Waende likizo ya Desemba. Wakikaa vizuri, wakila vizuri, Januari waanze shule huko huko. Wasipotaka, unanirudishia."

"Watoto wanajua nini wanachotaka?"

"Wao ndio waseme. Si wewe, msomi wangu. Wewe unajua kuwasemea watu."

Nikaahidi. Na tangu nilipoahidi nilijua ni nani aliyekuwa akifanyiwa mtihani.

Desemba nilikwenda kuwachukua, na basi lilitoka Kasulu alfajiri, kukiwa na ukungu. Kibondo tulipofika wachuuzi walikuwa wameshazunguka madirisha, wameinua mabeseni juu ya vichwa. Nilinunua mayai ya kuchemsha na karanga. Mkubwa alimenya yai lake taratibu, akaliweka juu ya leso, akageuka nyuma na mbele, akasema kwa sauti ya mama yangu kabisa:

"Karibuni jamani."

Basi zima likajibu. "Asante mama!" "Kula mwanangu, ukue." Mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma, mfanyabiashara wa nguo niliyewahi kumwona sokoni Kasulu, akainuka kitini.

"Mimi nakuja kweli! Usinitanie. Nipe kiini tu, weupe bakini nao."

Mdogo akaficha yai lake chini ya gauni. Watu wakacheka, mzee akarudi kukaa akijifanya amenuna, na wale watoto wakala. Niliandika insha juu ya hili, nikawaza, na sikumbuki kama niliandika kwamba watu hucheka.

Mjini nilikuwa nimepanga kila kitu. Nilijiuliza: jiji lina nini ambacho Kasulu haina? Maghorofa waliyatazama mara moja, wakashangaa, wakayazoea. Magari tunayo. Nikaamua jibu ni chakula cha dunia. Jijini mtu anaweza kula nchi mpya kila siku bila kuvaa suti wala kuweka nafasi: anaingia, anaonyesha kidole, anakaa. Huo ndio ulikuwa mtego wangu. Watoto wanatekwa kwa tumbo, hilo hata mama asingelipinga.

Tulianza na piza, ghorofa ya juu ya jengo kubwa la maduka, mahali penye meza nyingi na vibanda vya vyakula vimepangwa ukutani. Piza ikaja inatoa moshi. Mdogo akacheka kwa jinsi jibini lilivyovutika kama mpira. Mkubwa akanawa, akakaa, akageukia meza ya jirani walipokuwa kijana na msichana wake.

"Shikamoo. Karibuni tule."

Kijana akainua macho kutoka kwenye simu. Nadhani alidhani tunaomba kitu. Akatabasamu kidogo, akarudi kwenye simu. Mkubwa akasubiri. Kisha akageukia upande wa pili, kwa mama mmoja aliyekuwa na watoto wake.

"Karibuni."

Yule mama alimtazama, akanitazama mimi, akavuta kiti cha mwanawe karibu yake.

Mkubwa akarudi kutazama piza. Mikono ameiweka mapajani. Mdogo, aliyekuwa tayari ameshika kipande, akakirudisha, akafuta vidole kwenye gauni, naye akaweka mikono mapajani.

"Kuleni," nikasema. "Hapa hawajibu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kila mtu amenunua chake."

"Hata kwenye basi kila mtu alikuwa na chake," akasema mkubwa.

Jibini likaganda. Tukaifunga piza kwenye boksi na kuibeba. Nyumbani walikula vipande viwili viwili kama watu wanaokunywa dawa, mlango ukiwa wazi kwa sababu mkubwa aliomba niufungue. Tulitazama korido mpaka taa yake ikajizima yenyewe. Hakupita mtu.

"Nikaribisheni mimi," nikasema. "Nitajibu."

"Wewe si mgeni, mjomba. Wewe unakula."

Siku zilizofuata nilijaribu Uchina, nikajaribu Lebanoni, nikajaribu Uhindi. Kwa Wachina, mkubwa alimkaribisha mhudumu, na mhudumu akajibu, "Mnahitaji kitu kingine?" Mkubwa akafikiri, akasema hapana, kisha akanong'ona kwangu, "Hajajibu." Kwenye shawarma, kijana aliyekuwa akikata nyama aliuliza kama tunakula hapo au tunabeba. Wahindi walikuwa wapole sana na meza zao zilikuwa zimeachana sana. Kila mahali watoto waligusagusa, wakanywa juisi, wakasema "Oya" nilipowaongezea, hapana ya kwetu, fupi kama kizibo.

Nilijaribu kutumia elimu.

"Kukaribisha ni desturi tu," nilimwambia mkubwa. "Si lazima."

"Desturi ni nini?"

"Ni kitu unachofanya kwa sababu watu wengine walikifanya kabla yako."

"Kama kuvaa viatu?"

Nilisema ndiyo, kisha nikasema hapana.

Mama alipiga simu kila jioni. Hakuuliza kuhusu jiji.

"Wamekula?"

"Kidogo."

"Kidogo ya mtoto au kidogo ya ndege?"

"Ya ndege."

"Haya," alisema, na nilisikia anahema. "Bado siku zipo."

Ningeweza kuwapeleka kwa mama lishe yeyote mtaani. Kule kwenye benchi wangejibiwa mara moja. Nilijua. Lakini nilikuwa nimeshikilia chakula cha kigeni kama mtu anayeshikilia hoja yake baada ya mdahalo kwisha. Kama ningewalisha wali na maharage kwenye benchi, ningekuwa nimewaonyesha Kasulu yenye joto zaidi. Kwa nini wabaki?

Siku moja tulikwenda Sinza kutafuta mgahawa wa Wahabeshi niliosifiwa. Tuliukuta umefungwa. Mvua ikaanza, ile ya Dar isiyotoa taarifa, tukakimbilia kwenye banda lililokuwa karibu, lenye viti vya plastiki na redio inayopiga magitaa. Ulikuwa mgahawa wa Kikongo. Ndani hapakuwa na mteja mwingine. Mwenye mgahawa, mama mnene aliyevaa kitenge cha njano na kilemba cha kitenge hicho hicho, alikuwa ameegemea kaunta anatazama mvua.

Niliagiza kwa kuonyesha kidole. Akatuletea makayabu, samaki wa chumvi aliyepikwa na nyanya, na chikwanga, muhogo uliovundikwa, ukapondwa, ukafungwa kwenye majani na kuchemshwa. Akaifungua mbele yetu. Ilikuwa nyeupe, inang'aa, ngumu.

"Mjomba," mdogo akasema, "hii sabuni ya mche."

"Si sabuni. Ni muhogo."

"Muhogo wa kufulia?"

Mkubwa hakucheka. Alikuwa amechoka, nami pia. Alinawa kwenye birika, akakaa, na bila hata kuinua kichwa, kama mtu anayelipa ushuru, akasema:

"Karibu tule, mama."

Yule mama akageuka kutoka kwenye mvua.

"Merci, mama. Unaniita ya kweli ao ya mudomo?"

Mkubwa akanitazama. Sikumsaidia. Ndilo swali nililomuuliza mama yangu miaka yote ile.

"Ya kweli," akasema mkubwa.

"Basi nakuya."

Akaja kweli. Akanawa, akavuta kiti kikatoa mlio chini ya uzito wake, akamega chikwanga, akaichovya kwenye mchuzi. Alitafuna akiwa amefumba macho. Kisha akaanza kucheka, mabega yakitikisika.

"Watu banakuya hapa, banakula, banalipa, banaenda. Hakuna muntu amenikaribisha kwa chakula yangu mwenyewe! Munatoka wapi, nyinyi?"

"Kasulu," akasema mdogo, mdomo ukiwa tayari umejaa. Nilitazama mkono wake. Alikuwa amemega kipande kikubwa kuliko cha kwangu.

Yule mama akaacha kutafuna.

"Kasulu. Nilizala mutoto yangu ya kwanza kule, ku kambi ya bakimbizi." Akamtazama mkubwa. "Soko ya Kasulu, bado kuko bibi banauza mawese mu chupa ya soda?"

"Wapo," akasema mkubwa. "Wako karibu na wauza dagaa."

"Karibu na dagaa. Ndiyo."

Aliendelea kula nasi, akimtolea mdogo miiba kwenye samaki. Mdogo alikunja uso kwa uchachu wa chikwanga, akanywa maji, akamega tena. Waliimaliza. Hawakuipenda, nina hakika. Mpaka leo mdogo akiitaja anatoa ulimi. Lakini waliimaliza, na wakaagiza nyingine, na yule mama akaenda kuileta huku anaimba na redio.

Nilikaa pale kama mtu aliyeshinda kesi. Watabaki, nikawaza. Nilikuwa tayari naona madaftari mezani kwangu, viatu vidogo mlangoni vikitazamana na sendo za bluu. Tutakuja hapa kila wiki. Nitamwambia mama: kidogo ya tembo.

Tulipokuwa tunapanda ngazi za kwangu, mkubwa akauliza:

"Mjomba, ukiwa peke yako unamkaribisha nani?"

"Kompyuta."

"Inajibu?"

"Siku hizi zinajibu."

Alisimama kwenye ngazi. Hakutania.

"Sasa unakulaje?"

"Nakula tu. Ukizoea, unakula."

Akapanda ngazi nyingine, akasimama tena.

"Na bibi leo kamkaribisha nani?"

"Majirani. Watu wanapita."

"Jana kwenye simu alisema mvua hainyamazi. Mvua ikinyesha hapiti mtu." Akamtazama mdogo, kama anayetafuta shahidi. "Siku za mvua bibi anakaa jikoni, sisi tunakaa sebuleni. Anaita karibuni, tunamjibu asante, kula. Halafu ndiyo anakuja na chakula."

"Anafanya hivyo kweli?"

"Siku zote za mvua," akasema mdogo.

Sikulijua hilo. Niliishi nyumba ile zaidi ya miaka kumi na minane, na mchezo huo sikuwahi kuuona. Huenda ulianza nilipoondoka.

Asubuhi mkubwa alikuwa amekunja nguo zao zote, za mdogo juu, zake chini. Nilizungumza sana. Nilizungumza kuhusu shule, kuhusu yule mama wa Kikongo, nikasema tungeweza kwenda kwake kila siku wakitaka. Mkubwa alinisikiliza kwa adabu, kama wazee wanavyowasikiliza maofisa waliohamishiwa kwetu kutoka mikoa mingine.

"Yule ana wateja, mjomba," akasema. "Bibi hana."

Nilikuwa nimeahidi. Nikampigia mama.

"Wamesema," nikamwambia.

"Wamekataa kula?"

"Wamekula chikwanga, mama. Na samaki wa chumvi. Wamekula mpaka wakaongezewa."

"Sasa tatizo nini?"

"Wanasema mvua inanyesha huko."

Nilisikia kweli mvua nyuma yake, juu ya bati.

"Na mimi nilitaka wakae," akasema hatimaye.

"Magoti yako yatapona, mama. Tutatafuta mtu wa kukusaidia maji."

"We! Unadhani nilikupa watoto kwa sababu ya magoti?"

Akakata simu, si kwa hasira. Mama yangu hukata simu akimaliza alichotaka kusema.

Niliwarudisha. Tulipofika Kasulu jioni, mama alikuwa amesimama mlangoni, mguu mmoja tayari umeshuka ngazi. Tulikula ugali na sombe, kisamvu chetu chenye mawese, mlango wazi, mvua ikiwa imekatika kwa muda. Jirani akapita na jembe begani. Nikamwita mimi kabla ya wengine. Mama alinitazama pembeni, akaendelea kumega.

Safari ya kurudi Dar nilikuwa peke yangu. Kibondo nilinunua yai, nikalimenya, nikaliweka juu ya karatasi. Jirani yangu kitini alikuwa kijana wa rika langu mwenye vidude vya muziki masikioni.

"Karibu," nikamwambia.

Akatoa kidude kimoja. "Unasemaje, bro?"

"Hamna kitu," nikasema. "Nakula tu."

Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, akakirudisha kidude. Hakuwa mtu mbaya. Nililishika lile yai muda mrefu.

Sasa jioni, wakati wa chakula, simu ya mama huita. Si mama, ni mkubwa, ameichukua bila kuomba. Hasalimii.

"Mjomba, karibu, tunakula."

"Asante, kuleni."

Kisha inakuwa zamu yangu. Nakuwa nimeshapakua, wali na chochote kilichobaki, sahani ikiwa kando ya kompyuta. Nasema karibuni. Nao hujibu kwa pamoja, mkubwa, mdogo na nyuma yao mama, kila mmoja kwa mwendo wake: asante, mjomba, kula, asante, kula. Halafu wanakata, na mimi nakula. Ningeweza kuandika insha nyingine. Ningeweza kuuliza ni nini hasa kinachobadilika kwenye wali ambao tayari umepoa. Sijaandika.

Jana walipiga kama kawaida. Sauti ya mdogo ilikuwa inakatikakatika, mvua huko. Nikajibu, kisha nikasema, "Karibuni."

Simu ikalia mlio ule wa kukatika. Nikapiga, haikupatikana. Nikapiga tena.

Niliinuka nikafungua mlango wa korido. Viatu vyeusi vilikuwa pale mkabala, vimelowa. Taa ikajizima. Nikarudi kukaa, kijiko kando ya sahani, mikono mapajani, nikisubiri mtandao urudi Kasulu.